Maji Yasiyoombwa

Nanzia aliingia kituoni bila hodi, akaweka kabichi juu ya meza yangu, katikati ya skrini za kazi. Ilikuwa ndogo kama ngumi ya mtoto, na majani ya nje yalikuwa yamekauka yakawa ya kahawia.

"Wifi," akasema, "hii ndiyo niliyovuna. Nikuchemshie ule?"

"Karibu ukae kwanza."

"Sikai. Maji yangu yanakuja nusu. Naomba zamu kama kila mtu, lango linafunguka, nashika jembe, na kabla sijafika tuta la katikati maji yameshakata. Hapo juu yangu migomba yako inanenepa tu. Mimi nimekosea wapi?"

Nanzia ni binamu wa marehemu mume wangu, Eliapenda, na shamba lake liko chini ya langu kwenye mfereji uleule. Tunaitana wifi hata siku tulizonuniana. Nikamwambia nitajaribu vipande vyote vya programu ya maji vinavyogusa mfereji wetu, kimoja kimoja, na kosa likiwepo nitalitoa hadharani.

"Wewe ndiye mjaribu," akasema. "Nakuamini."

Akatoka na kuiacha kabichi palepale mezani.

Kituo chetu kina kibao mlangoni kilichoandikwa HAPA HAKUNA MSIMAMIZI. Wageni wakikisoma hugeuza njia, wakidhani ofisi imefungwa. Hatujakibadilisha, kwa sababu wazee walikiweka kwa hasira na hasira hiyo bado tunaitunza. Zamani, kabla sijaolewa huku Upare, huduma ya maji ya bonde hili ilikuwa na msimamizi: programu moja iliyokaa mlangoni, ikapokea maombi ya mashamba yote na kuamua lipi liende wapi. Kampuni moja ya maua ikamweka mfukoni msimamizi huyo. Msimu mzima mawaridi yalioga huku watoto wakichota tope. Basi watu wakauvunja ule mlango, wakajenga huduma upya bila msimamizi. Sasa kila ombi linakwenda moja kwa moja kwa kipande kinachohusika nalo. Kipimo anajua kina cha ndiva, lile bwawa letu linalojaa usiku na kugawiwa mchana. Mvua anajua habari za mawingu. Zamu anajua nani anamfuata nani. Hakuna anayejua yote, na asiyejua yote hana faida kwa mwizi.

Vipande hivi haviandikwi, vinalelewa. Mtu hukaa na kipande misimu kadhaa akikieleza kwa mdomo namna ya kuamua, mpaka kinaamua kama yeye na kusema kama yeye. Zamu alilelewa na Mzee Kajiru. Ukimsikiliza Zamu unamsikia Kajiru mtupu, hata ile kukohoa kabla ya kukataa jambo.

Na kwa kuwa hakuna msimamizi wa kuviangalia, kila kipande lazima kijaribiwe peke yake. Sheria ya kituo inasema kitajaribiwa na mtani wa aliyekilea. Ndugu atakionea huruma, adui atakionea, lakini mtani atakwambia ukweli wako huku anacheka, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Bonde zima limejaa Wapare, na Mchaga, mtani wao, nilikuwa peke yangu, nimeletwa na ndoa. Kazi nikapewa kabla sijafungua masanduku.

"Mchaga ataiba vipande vyetu akaviuze Moshi," Mzee Kajiru alisema siku ile mbele ya watu.

"Nani anunue kipande cha Mpare, mpenda kesi?" nikamjibu. "Kitamshitaki mnunuzi wiki hiyohiyo."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku hiyo tukawa hatuwezi kupishana njiani bila kutukanana vizuri.

*

Nilimwacha Zamu awe wa mwisho, maana kumjaribu yeye ndiyo raha yangu ya kazi. Kipimo alipita. Mvua alipita. Nikamtenga Zamu na wenzake wote, nikamjengea ulimwengu wa uongo: ndiva ya uongo, saa ya uongo, milima ya uongo yenye manyunyu, na malango yenye majina ya wenye mashamba yetu ya kweli. Humo ndani akiuliza habari za mawingu, anayejibu ni mimi, naye hajui. Maneno yangu humfikia kwa maandishi tu, bila jina. Yeye hujibu kwa sauti.

Nikatuma ombi la lango moja. Akafungua. Nikatuma maombi mawili kwa mpigo, akayapanga. Nikatuma ombi la mtu aliyekwisha kupata maji, akakohoa na kukataa. Nikatuma ombi la mtu asiye na shamba.

"Huna hata tuta," Zamu akasema. "Maji ya nini, ya kunawa uso?"

Nikacheka peke yangu kama mwehu. Majibu yote yalikuwa ya kijani kwenye skrini. Kwa kazi ya siku, hapo ningefunga na kwenda nyumbani. Lakini Nanzia si mtu wa kusingizia, na kabichi ilikuwa inanitazama. Nikaenda jikoni kuchemsha chai nifikiri, nikasahau kuuzima ule ulimwengu.

Niliporudi na kikombe, saa ya uongo ilikuwa imeingia alfajiri ya siku mpya. Hakuna mtu aliyekuwa ameomba chochote. Malango yote yalikuwa yamefungwa isipokuwa moja, na lilikuwa la jina langu.

Nikaandika: "Nani ameomba?"

"Hakuna."

"Mbona lango la Aika limefunguka?"

"Yule Mchaga?" Zamu akasema. "Yule haombi. Husahau. Mumewe ndiye aliyekuwa akiomba, mapema, kabla ya uji. Siku moja hakuomba. Nikaambiwa amekufa. Mjane kabaki na migomba, na unavyowajua Wachaga na migomba, ingekauka angekufa kwa aibu kabla ya njaa. Basi namfungulia. Si mengi. Nayatoa kwa anayemfuata."

"Anayemfuata ni Nanzia. Anajua?"

"Nanzia ana kabichi," Zamu akasema. "Kabichi haina majivuno."

Niliweka kikombe chini. Miaka yote tangu msiba nilikuwa nikitembea bondeni kifua mbele, nikiwaambia watu kwamba mgomba unamtambua mkono wa Mchaga hata ukihamishiwa Upare. Nilifundisha kina mama wenzangu namna ya kuweka samadi. Kumbe mkono ulikuwa wa Kajiru. Alikuja kuketi na Zamu baada ya mazishi, akamwambia anikumbuke, na mimi hakuniambia neno. Njiani aliendelea kuniita mwizi kama kawaida. Nililia pale mezani, na sikujua nalia kwa kupendwa ama kwa kufedheheka.

Na tazama kosa letu lilivyojificha. Katika majaribio yote tuliyowahi kuandika kituoni, kuna mtu anaomba. Ombi zuri, ombi baya, ombi la mlevi, lakini ombi. Hakuna aliyewahi kumjengea Zamu ulimwengu ambamo watu wamenyamaza, tuone anafanya nini asipoulizwa.

*

Ningeweza kulifunika, na nataka hilo lieleweke. Majaribio ya kijani yalikuwa mbele yangu, ya kweli yote. Ningemwambia Nanzia vipande ni vizima, akaangalie panya kwenye mfereji wake, naye angeniamini.

Sababu ya kutaka kulifunika haikuwa migomba. Tangu mvua za masika Mzee Kajiru alikuwa ameanza kupoteza watu kichwani. Kwanza majirani, kisha wajukuu, mwisho hata binti yake aliyekuwa akimpikia. Mimi nilikuwa nikienda kumwona kila Jumapili, nampa shikamoo, nakaa pembeni, naongea polepole kama watu wanavyoongea na wagonjwa. Mgonjwa hataniwi, nilijiambia. Naye alikuwa akiniitikia marahaba na kuniuliza natoka wapi. Nilikuwa nampenda yule mzee, na nilikuwa nimebaki bila yeye angali hai. Duniani alibaki mmoja tu aliyekuwa bado akiniita "yule Mchaga" kwa sauti ile, naye ni Zamu.

Kipande kikianguka kwenye jaribio, aliyekilea hurudi kukirekebisha kwa mdomo wake, kwa sababu hakisikii mwingine. Akishindwa, kinafutwa. Kajiru asiyemkumbuka binti yake angemkumbuka Zamu? Nikiandika jaribio la ukimya, ninamfuta.

Nikazunguka ile meza mara kadhaa. Nikajiambia Zamu hana ubaya, ana huruma. Halafu nikajijibu kwamba huyo anayechagua wa kumhurumia na wa kumkata bila kuulizwa ndiye tuliyemvunjia mlango. Msimamizi mwema bado ni msimamizi. Leo kamhurumia mjane wa mtani wake, kesho atamhurumia nani? Na huruma yenyewe ilikuwa ya maji ya mwenzangu. Kabichi ile kama ngumi ya mtoto nilikuwa nimeila mimi.

Nikaketi, nikaliandika. Lilikuwa jaribio fupi kuliko yote niliyowahi kuandika: siku inakucha, hakuna anayeomba, malango yote yabaki yamefungwa. Nikalipeleka kwa Zamu. Lango langu likafunguka, na skrini ikawa nyekundu.

*

Nilimkuta Nanzia akipalilia. Sikutafuta maneno.

"Wifi, kosa ni langu. Si langu la kutenda, lakini maji yako yamekuja kwangu. Zamu alikuwa ananifungulia nikisahau kuomba. Kajiru alimfundisha."

Nanzia akaegemea jembe. Akaangalia migomba yangu, kisha akaniangalia mimi.

"Hujui kuomba?" akasema. "Ungeniambia wifi leo nimesahau, nigawie. Ningekunyima?"

"Usingeninyima."

"Basi umeniumiza hapo. Si kwenye kabichi." Akang'oa gugu, akalitupa kando. "Na Zamu?"

"Kama mzee hatamrekebisha, kikao cha wenye mashamba cha Ijumaa kitamfuta."

"Sauti ya Mzee Kajiru ifutwe kwa ajili ya kabichi zangu? Halafu nizile zipite kooni?" Akatupa jembe. "Twende tukamchukue. Wewe shika mkono huu, mimi ule."

Tulimkuta Mzee Kajiru barazani anachambua maharage, akiyatenga mazuri upande huu na mabovu upande ule, kisha akiyachanganya tena.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Mnatoka wapi?"

"Hapo chini tu. Tunaomba utusaidie kazi kidogo kituoni."

"Kazi siikatai," akasema, akasimama. Njia nzima alikuwa ametushika mikono, akituuliza kwa adabu kama wazazi wetu hawajambo.

*

Nilimkalisha mbele ya kipaza sauti, nikamfungulia Zamu.

"Nani huyo?" Zamu akauliza. "Anapumua kama mtu aliyepanda mlima."

Mzee Kajiru aligeuka kunitazama. "Huyu mzee anayesema ni nani?"

"Ni Zamu, mzee. Wewe ndiye uliyemlea."

"Mbona ana maneno?"

Nanzia akaangalia dari.

"Mwambie asifungue lango bila kuombwa," nikamwomba.

"Bwana," Kajiru akasema, "usifungue lango bila kuombwa."

Zamu akakohoa. "Na anayesahau?"

Hapo mzee alitazama viganja vyake, akavigeuza, akavigeuza tena. Nikajua amepotea, nikanyoosha mkono nizime. Akanizuia.

"Mimi nasahau," akasema. "Kuna mama mmoja pale nyumbani, mzuri sana, hunikumbusha kula. Kila siku. Ananiambia baba, chakula. Lakini hali kwa niaba yangu. Kijiko nakishika mwenyewe."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo anayesahau hukumbushwa. Hufanyiwi, unakumbushwa. Huwezi kumkumbusha mtu, wewe?"

"Nimkumbushe vipi? Sina miguu ya kumfuata."

"Una nini?"

"Nina malango."

"Ya mbao ama ya chuma?"

"Ya chuma."

"Basi si ugonge!" Kajiru akapiga meza mpaka kabichi ikaruka. "Chuma kimelala hapo, mtu amelala kule, unauliza utamwamshaje!"

Zamu alifikiri. Kwenye skrini niliona anavyojipanga upya, mistari ikihama polepole kutoka huku kwenda kule. "Nitagonga la Mchaga," akasema.

"Mchaga gani? Gonga kila lango lililonyamaza. Unachagua-chagua watu, kwani wewe ni chifu?"

"Majina yao ninayo. Najua nani mjane, nani mgonjwa, nani mlevi."

"Majina ya nini kwenye maji?" Kajiru akasema. "Yaache. Ukiwa na majina utapendelea. Hata mimi nisingeweza kujizuia."

Mdomo wangu ulifunguka. Nilitaka kusema mzee, subiri, liache moja. Nanzia aliniona, akanishika kiwiko, akanishikilia. Nikafunga mdomo. Mistari ikaendelea kuhama, na upande wa kushoto wa skrini, pale yalipokuwa yamekaa majina ya mashamba yetu, pakawa na namba tupu.

Nikamrudishia ule ulimwengu wa uongo. Siku ikakucha, hakuna aliyeomba. Malango yakabaki yamefungwa, kisha yote yakaanza kugonga, chuma kwa chuma, mpaka Nanzia akaziba masikio. Kijani.

Sikuwa na haja ya swali jingine, lakini niliandika: "Unamjua Aika?"

"Nina malango," Zamu akasema kwa sauti ileile. "Aika ni kitu gani?"

"Amejibu vizuri?" Mzee Kajiru akaniuliza.

"Amejibu vizuri sana, mzee," nikasema.

*

Kikao cha Ijumaa kilimpitisha Zamu kwa makofi, na jaribio la ukimya likaongezwa kwa kila kipande. Bonde likaanza kulalamika kuhusu kelele za asubuhi. Ilibainika kuwa wanaosahau ni wengi, na baadhi yao walikuwa wanakikao haohao. Kabichi za Nanzia zilianza kufunga vizuri. Migomba yangu ilipungua unene kidogo, kisha ikazoea. Lango likinigongea, natoka na kanga ya kulalia, naomba maji, na Zamu anajibu bila jina wala utani, "Lango limefunguliwa." Nilikuwa nimejitayarisha kwa maneno hayo, na bado yalinichoma kila mara.

Jumapili moja nilikata mkungu, nikaubeba alfajiri mpaka kwa Mzee Kajiru, kabla bonde halijaamka. Alikuwa barazani na maharage yake. Nilikusudia kumpa shikamoo na kukaa pembeni kama siku zote.

"Karibu, mama," akasema. "Ndizi nzuri hizo. Lakini mimi sina cha kukupa."

Sijui kilichonipanda. Labda uchovu wa mkungu, labda nilikuwa nimechoka kuwa na adabu. Nikautua chini kwa kishindo.

"Utakuwa nacho wapi, Mpare wewe? Ng'ombe wako wote uliwauza ili ushinde kesi ya kuku!"

Binti yake alitoka jikoni mbio, mwiko mkononi, macho yamemtoka. Mzee Kajiru alikuwa ameacha maharage. Alinitazama, na mdomo wake ukaanza kucheza upande mmoja.

"Lakini nilishinda," akasema.

"Ulishinda kuku aliyekwisha kufa!"

"Nikamla hivyohivyo!" Alikuwa anacheka sasa, mabega yote, mkono ukitafuta ukuta wa kushika. "Mchaga! Mchaga mwizi wewe, ulikuwa umepotelea wapi? Kila wiki ananijia hapa mama mmoja mpole, anasema taratibu kama yuko kanisani, nikasema Mungu wangu, Mchaga wangu amekufa wasiniambie."

Nikakaa chini palepale kwenye udongo, karibu na mkungu. Kutoka bondeni chuma kilianza kugonga, mbali, kikigonga bila kukoma. Mzee Kajiru akainamisha kichwa akasikiliza, kisha akaninyooshea kidole.

"Mchaga," akasema, "umeomba maji leo?"

Sikuwa nimeomba.